Kipandauso, shingo na neno "mshipa": osteopathia inasaidia wapi na inakomea wapi

Shangazi yangu wa Wete anaumwa kipandauso tangu alipokuwa msichana wa skuli. Siku kikimpanda hufunga madirisha, hujikaza kanga kichwani, huweka ndoo karibu na kitanda, na watoto wa nyumbani wanajua kwamba hata kifuniko cha sufuria hakitakiwi kulia. Mwezi uliopita alinitumia kipande cha video alichopokea kwenye simu. Kijana aliyevaa koti jeupe kamlaza mtu chali, kamshika kidevu, kaizungusha shingo kwa ghafla, ikalia "ka!", na mgonjwa akainuka anacheka. Chini pameandikwa: osteopathia, mwisho wa kipandauso. Osteopathia ni tiba ya kutumia mikono, na historia yake nitaieleza mbele. Baada ya video ikafuata sauti yake mwenyewe: "Mwanangu, hebu niangalilie huyu. Ati mshipa wa shingo ndio uliokaa vibaya, akiuvuta mara moja basi. Niende?"

Niliipeleka video kwenye kundi la familia na majibu yakaja ya kila namna. Mmoja alisema hiyo ni kuchua tu, bibi alikuwa akifanya bila koti jeupe. Mwengine alisema ni udaktari kamili, Marekani watu wanausomea chuo kikuu. Wa tatu akaapa kwamba ni utapeli. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli, na ndiyo maana mabishano hayakwisha. Naandika jibu refu kwa sababu shangazi hayuko peke yake, na kwa sababu shingo ya mtu si mahali pa kujaribia jambo usilolielewa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kipandauso si jina jengine la kuumwa na kichwa. Ni maradhi ya ubongo na neva zake, yanayokuja kwa vipindi. Maumivu hukaa mara nyingi upande mmoja wa kichwa, ingawa yanaweza kuhama au kushika pande zote mbili. Hupiga kama ngoma, huzidi ukipanda ngazi au ukiinama, na huja na kichefuchefu, kutapika, au kushindwa kuvumilia mwanga na sauti. Kisipotibiwa, kipindi kimoja huchukua kati ya saa 4 na saa 72. Neno la kitabibu, maigreni, lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni nusu ya fuvu. Wazee wetu waliolipa jina la kipandauso nao walikuwa wameona vizuri: ni kitu kinachopanda, kinachokwea usoni kidogo kidogo mpaka kikatwaa upande mzima.

Baadhi ya watu hupata ishara kabla ya maumivu. Wanaona mistari inayometameta kama jua juu ya maji ya bahari, au ganzi inatambaa kutoka vidoleni hadi mdomoni, na hali hiyo hudumu dakika 5 hadi 60. Madaktari huiita aura. Wengine, saa nyingi kabla ya kichwa kuanza, hupiga miayo mfululizo, hutamani chakula fulani na husikia shingo imekakamaa. Hiyo shingo iweke akilini, tutairudia.

Duniani, takriban mtu mmoja kati ya saba ana kipandauso, na wanawake ni kama mara mbili hadi tatu ya wanaume. Hata hivyo kwetu wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa jina la maradhi yao. Wanaambiwa wana presha, ingawa presha ya kupanda kwa kawaida haiumizi kichwa mpaka ifike juu sana. Wanaambiwa ni macho, ni hasadi, ni jini. Mwanamke anayelala chumba cheusi siku mbili huitwa mvivu. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wanaolisema mara nyingi ni watu wa nyumba moja naye.

Neno moja, vitu vinne

Sasa tufike kwenye mshipa. Kiswahili chetu ni kitamu, lakini hapa kinatupa shida. Mshipa wa damu ni bomba linalopitisha damu. Mshipa wa fahamu, yaani neva, ni waya unaopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Kano, ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, nayo watu huiita mshipa. Na ule msuli wenyewe, ukikaza begani na kuwa kama kifundo cha kamba, mchuaji ataugusa na kukwambia: "Mshipa wako huu hapa, umekaa vibaya." Sijataja mshipa wa ngiri, ambao ni jambo jengine kabisa.

Vitu hivi vinne havitibiki kwa njia moja. Msuli uliokaza unaweza kulegezwa kwa mikono, na yeyote aliyewahi kuchuliwa na mtu anayejua kazi anajua raha yake. Mshipa wa damu hauvutwi ukarudi mahali pake, kwa sababu haukutoka mahali pake. Neva haiteguki kama kifundo cha mguu. Kwa hiyo mtu akikwambia kipandauso chako ni mshipa uliokaa vibaya, muulize kwa upole: mshipa upi? Akijibu kuwa ni msuli wa shingo uliokaza, hapo pana mazungumzo. Akijibu kwamba kuna kitu kimehama na yeye atakirudisha kwa kuvuta mara moja, amka ukaondoke.

Osteopathia ilitoka wapi

Osteopathia ni tiba ya kutumia mikono iliyoanzishwa na Mmarekani Andrew Taylor Still, aliyezaliwa mwaka 1828. Jina la tiba hii limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mfupa na maumivu. Still alikuwa akitibu watu katika zama ambazo dawa zenyewe zilikuwa hatari: wagonjwa walipewa zebaki na kutolewa damu. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ilimchukulia watoto watatu, na hakuna dawa aliyoijua iliyowasaidia. Msiba huo ulimfanya atafute njia nyengine. Mwaka 1874 alitangaza mafundisho yake, na mwaka 1892 akafungua skuli ya kwanza mjini Kirksville, jimbo la Missouri.

Kuna kisa chake kimoja kinachohusu moja kwa moja mada yetu. Still ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba alipokuwa mtoto wa kama miaka kumi, aliumwa sana na kichwa. Alichukua kamba ya bembea iliyofungwa baina ya miti miwili, akaishusha karibu na ardhi, akaweka blanketi juu yake, akalala chini na kuilaza shingo juu ya kamba kama mto. Usingizi ukamchukua, na alipoamka kichwa kimepoa. Baadaye alikitaja kisa hicho kama somo lake la kwanza. Nakipenda kwa ukweli wake, kwani nani kati yetu hajajaribu kitu kama hicho, hata kwa kukunja kanga na kuiweka chini ya kisogo? Lakini kuna jambo moja la kuangalia: yule mtoto pia alilala. Na usingizi ni miongoni mwa vitu vinavyokata kipandauso, hasa kwa watoto. Ilikuwa kamba au ilikuwa usingizi? Swali hilo la mtoto mmoja chini ya mti ndilo ambalo watafiti wanahangaika nalo mpaka leo.

Msingi wa mafundisho ya Still ni kwamba mwili ni kitu kimoja, kwamba umbo na kazi ya kiungo vinategemeana, na kwamba mwili una uwezo wa kujirekebisha. Mtaalamu hukuuliza historia yako, hukutazama unavyosimama na unavyogeuka, kisha hupapasa, hukandamiza, hunyoosha misuli na kuvisogeza viungo taratibu. Wengine, si wote na si kila mara, hutumia msukumo mfupi wa ghafla unaotoa ule mlio. Ukilinganisha, kiropraktiki ni ndugu yake aliyezaliwa Marekani pia, anayeelemea zaidi kwenye uti wa mgongo na misukumo hiyo. Fiziotherapia, ambayo watu wengi hapa wameikuta hospitalini baada ya kuvunjika au kupata kiharusi, huweka uzito kwenye mazoezi. Mikono ya watu hawa watatu hufanana kuliko wanavyopenda kukubali.

Yule ndugu yetu aliyesema ni udaktari kamili hakukosea, ila alikuwa anazungumzia nchi moja. Marekani, mhitimu wa chuo cha osteopathia ni daktari kama madaktari wengine: anaandika dawa, anapasua, anafanya kazi wodini. Uingereza mambo ni tofauti. Huko osteopathia ni fani ya kutibu kwa mikono, inasimamiwa na sheria ya mwaka 1993, na asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita kwa jina hilo, lakini mhitimu wake si daktari wa kuandika dawa. Kwa hiyo mtu akijitangaza Unguja kwamba amesomea osteopathia, swali la kwanza ni: wapi, kwa muda gani, na hapa amesajiliwa na nani? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo ya fani hii mwaka 2010, na mafunzo yanayotajwa humo ni ya miaka, si ya semina ya wikiendi.

Shingo inaingiaje kwenye kichwa?

Hapa pana kitu cha kweli, na naomba mnivumilie kwa sababu ndicho kiini.

Uso na sehemu kubwa ya kichwa hupeleka habari za maumivu kupitia neva moja kubwa iitwayo trijemina. Sehemu ya juu ya shingo, kwenye pingili tatu za mwanzo, hupeleka habari zake kupitia neva nyengine. Njia hizi mbili hukutana mahali pamoja chini ya ubongo, karibu na pale kichwa kinapokalia shingo. Fikiria vichochoro viwili vya Mji Mkongwe vinavyotokea kwenye uwanja mmoja mdogo. Mtu akipiga kelele ndani ya kichochoro, wewe uliyekaa barazani pale uwanjani unasikia kelele, lakini kwa namna kuta zinavyorudisha sauti huwezi kuapa imetoka upande gani. Ubongo nao hufanya kosa hilohilo. Maumivu ya shingo yanaweza kusikika nyuma ya jicho. Na maumivu yaliyoanzia kichwani yanaweza kusikika shingoni.

Ndiyo maana kuna aina ya kuumwa na kichwa ambayo kweli hutoka shingoni. Huanzia kisogoni, hupanda kuja mbele, huzidi ukigeuza shingo, na shingo yenyewe huwa haigeuki vizuri. Hiyo si kipandauso, ingawa inaweza kufanana nacho sana. Mtu wa namna hiyo akipata mikono mizuri na mazoezi, ana nafasi nzuri ya kupata nafuu. Naamini baadhi ya watu wanaosema "nilichuliwa kipandauso kikaisha" walikuwa na hii.

Upande wa pili ni ile shingo niliyosema muiweke akilini. Wagonjwa wengi wa kipandauso shingo huwakakamaa kabla ya kichwa kuanza au wakati kinapouma. Ni rahisi kufikiri kwamba shingo ndiyo iliyoleta ugonjwa, kwa kuwa imetangulia. Lakini mara nyingi kipindi kimeshaanza ndani ya ubongo, na kukakamaa kwa shingo ni sehemu ya kipindi hicho. Wingu jeusi hutangulia mvua ya masika, lakini hakuna anayejaribu kuifuta mvua kwa kupiga wingu fimbo.

Kwa hiyo mikono ina kazi gani kwa mwenye kipandauso hasa? Fikiria ngalawa inayopakiwa magunia. Ubongo wenye kipandauso umezaliwa na ngalawa ya ubavu mfupi: huchukua mzigo, lakini haraka maji huanza kuingia. Kukosa usingizi ni gunia. Kufunga bila kula daku ni gunia. Siku za hedhi, jua kali la kusimama kwenye mwani huko Paje au Jambiani, harufu kali, kahawa iliyokatwa ghafla, msongo wa mawazo, kila kimoja ni gunia. Shingo iliyokaza nayo ni gunia. Mikono ya mtaalamu inaweza kushusha hilo moja, na pengine nusu ya lile la msongo, kwa sababu mtu aliyeshikwa kwa upole kwa nusu saa hupumua vizuri zaidi. Kwa baadhi ya watu hiyo inatosha kuiweka ngalawa juu ya maji kwa siku kadhaa zaidi kila mwezi. Lakini ubavu wa ngalawa haukurefuka.

Utafiti umesema nini

Mwaka 2015 watafiti wa Italia walichapisha majaribio ya wagonjwa 105 wenye kipandauso sugu, yaani wale wanaoumwa na kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi. Waliwagawa makundi matatu. Kundi moja lilipata dawa pamoja na osteopathia, mara 8 ndani ya miezi 6. Kundi la pili lilipata dawa pamoja na mikono ya bandia, yaani kuguswa bila tiba halisi. La tatu lilipata dawa peke yake. Waliopata osteopathia walitoka na hali nzuri zaidi: siku chache za maumivu, dawa chache, maisha yenye unafuu. Ni habari njema, na watangazaji wa tiba hii huitumia sana.

Miaka miwili baadaye yakaja majaribio ya Norway, ya wagonjwa 104 wa kipandauso. Haya yalihusu kiropraktiki, ndugu wa osteopathia, na nayataja kwa sababu yaliandaliwa kwa uangalifu mkubwa. Kundi moja lilifanyiwa misukumo halisi ya uti wa mgongo kwa wiki 12. Kundi jengine lilifanyiwa ya uongo: lilisukumwa pembeni mwa bega na kwenye makalio, mahali pasipohusika. La tatu liliendelea na dawa zake za kawaida. Siku za kipandauso zilipungua kwa wote watatu. Baadaye waliokuwa na dawa tu walirudi pale walipoanzia, lakini makundi mawili yaliyosukumwa, la kweli na la uongo, yaliendelea kuwa na nafuu. Watafiti wakahitimisha kwamba nafuu ile huenda haikutokana na misukumo yenyewe.

Nafuu ya namna hii huitwa plasebo, na kwetu neno hili hueleweka vibaya, kana kwamba maana yake ni kujidanganya. Hapana. Ukimchukua mtu aliyezoea kuumia peke yake, ukamsikiliza, ukamgusa kwa heshima, ukamwambia arudi wiki ijayo, ubongo wake hubadilika kweli na maumivu hupungua kweli. Mabibi waliokuwa wakituchua kwa mafuta ya nazi huku wakitusomea dua walilijua hili kwa vitendo. Ninachosema ni kwamba kama sehemu kubwa ya nafuu inatokana na kushikwa kwa upole na kupewa muda, basi hapana haja ya kuihatarisha shingo kwa kuizungusha kwa ghafla ili kuipata.

Nikiyaweka yote pamoja, hukumu yangu ni hii: osteopathia ya upole inaweza kuwa msaidizi wa mtu mwenye kipandauso, hasa anayeumwa mara kwa mara na ambaye shingo na mabega yamekaza. Ushahidi wake bado ni mdogo na haujakaa sawa. Uingereza wenye fani wanaruhusiwa kutangaza kwamba wanasaidia maumivu ya kichwa yatokayo shingoni na kuzuia kipandauso kisije mara kwa mara. Kuzuia, angalieni, si kuponya. Na sijaona sababu ya kuamini tawi lile linalodai kusogeza mifupa ya fuvu kwa kukishika kichwa kwa wepesi tu. Ni mafundisho yaliyotokana na William Garner Sutherland, mwanafunzi wa skuli ya Still, na mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikana kwa namna ambayo vidole haviwezi kuisogeza.

Ule mlio

Watu wanaupenda ule mlio. Wanadhani mfupa uliokuwa umetoka umerudi. Mlio huo ni uleule wa kuvunja vidole. Ndani ya kiungo mna majimaji yenye hewa iliyoyeyuka, na kiungo kikivutwa ghafla nafasi hupanuka na gesi hutengeneza povu. Ndiyo sauti unayoisikia. Haina maana kwamba kitu kimenyooka, na kutosikika kwake hakuna maana kwamba tiba imeshindikana.

Hatari nayo lazima isemwe. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa, na hapa nasema mishipa ya damu, inayolisha ubongo. Shingo ikizungushwa kwa nguvu, kwa nadra sana ukuta wa mshipa huo unaweza kuchanika ndani, damu ikaganda, na mtu akapata kiharusi. Chama cha Moyo cha Marekani (American Heart Association) kilitoa tamko mwaka 2014: uhusiano umeonekana, ingawa haijathibitika kwamba msukumo ndio unaosababisha kila mara, na mgonjwa aelezwe kabla ya kuguswa. Tatizo jengine ni kwamba mchaniko ulioanza wenyewe hujitokeza kwa maumivu mapya ya shingo na kichwa, kwa hiyo mtu anaweza kwenda kuzungushwa shingo iliyokwisha kuumia. Hatari ni ndogo kwa mtu mmoja. Lakini faida ya mzunguko huo kwa kipandauso haijathibitishwa, na mimi simshauri shangazi yangu kulipa hata hatari ndogo kwa kitu cha namna hiyo. Hii inawahusu pia baadhi ya vinyozi wanaomalizia kazi kwa kuvunja shingo ya mteja.

Kabla ya kutafuta mikono ya mtu yeyote, iwe ya osteopathia, mchuaji au hijama, kuna kichwa kisichosubiri. Kichwa kilichopasuka kwa ghafla kama radi, kikafika kileleni ndani ya dakika moja. Kichwa chenye homa na shingo isiyokunjika. Kichwa kilichokuja na mdomo kwenda upande, ulimi mzito au mkono kukosa nguvu. Maumivu mapya kabisa kwa aliyevuka miaka 50, au baada ya kuanguka, iwe kwenye pikipiki au kwenye mkarafuu. Na mjamzito mwenye kichwa kikali, macho yenye ukungu na miguu au uso uliovimba, huyo apimwe presha siku hiyohiyo. Hawa waende hospitali moja kwa moja, Mnazi Mmoja, Abdulla Mzee au yoyote iliyo karibu.

Kuna mtego mmoja zaidi unaowanasa watu wengi, nao haumo shingoni bali mkobani. Dawa za maumivu zikitumika mara nyingi mno huanza kuleta kichwa zenyewe. Kwa paracetamol au ibuprofen, mpaka ni kama siku 15 kwa mwezi. Kwa vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa zaidi ya moja ni siku 10. Nimewahi kuketi na mama mmoja Kikwajuni ambaye alikuwa akimeza vidonge kila asubuhi "kukiwahi kichwa", miaka na miaka, na hakuna aliyemwambia. Hakuna mikono itakayomsaidia mtu huyo kabla dawa hazijapunguzwa chini ya uangalizi wa daktari. Wakati huohuo, anayeumwa mara kwa mara ana haki ya kuulizia dawa za kuzuia, kama propranolol au amitriptyline, ambazo si ngeni wala si za anasa. Ramadhani ndiyo isiyosamehe: anayekunywa kahawa nyingi aanze kupunguza tangu Shaaban, asiache daku, na azungumze na daktari wake mapema kuhusu namna ya kupanga dawa kati ya futari na daku.

Shangazi nilimjibu kwa sauti, nikamwambia asiende kwa yule wa video. Nikamwomba achukue kalenda ya ukutani na kila siku ya kichwa aizungushie duara, pembeni aandike alilala vipi, alikula nini, alifanya kazi gani. Alinipigia juzi. Miduara mingi imeangukia siku mbili kabla ya hedhi. Iliyobaki imefuata usiku wa kuchambua karafuu, anapokaa kwenye mkeka kwa muda wa saa nne au tano na shingo imeinama, harufu imejaa chumba kizima. Sasa anachambua akiwa ameinua sinia juu ya kigoda, anainuka kila baada ya muda, na binti yake anamchua mabega kwa mafuta ya nazi kabla ya kulala, taratibu, bila kumzungusha popote. Kalenda ameikunja na kuitia mkobani. Jumatatu anakwenda nayo kwa daktari.